Maji Yaliyomwita Roosevelt

Sehemu ya Kwanza

Treni iliposimama kwenye kimji kimoja cha Georgia, kusini mwa Marekani, tarehe 3 Oktoba 1924, mgeni aliyengojewa na watu pale stesheni hakushuka kwa miguu yake.

Alibebwa.

Mwanamume wa miaka 42. Kifua kipana, mabega mazito, tabasamu lisilokauka. Ila kuanzia nyongani kwenda chini misuli ilikuwa imenyauka, miguu inaning'inia tu.

Jina lake unalijua. Lakini lifute kidogo kichwani, maana siku ile lilikuwa jina la mwanasiasa ambaye wengi walishamfungia hesabu. Mwaka 1920 aligombea umakamu wa rais kwa tiketi ya chama cha Democratic, akaangushwa. Mwaka uliofuata maradhi nayo yakamwangusha.

Franklin Delano Roosevelt alikuwa amefuata maji.

Maji ya chemchemi, yenye madini, yanayotoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 31, kiangazi na kipupwe, usiku na mchana. Alikuwa ameambiwa kwamba maji hayo yanawasimamisha waliopooza.

Nikudokeze mapema, tusije tukalaumiana mbele ya safari: hayakumponya. Mpaka anaingia kaburini, Roosevelt hakutembea tena bila msaada.

Basi ilikuwaje akayapa maji hayo takriban theluthi mbili ya mali yake yote? Ilikuwaje akayarudia mara 41? Na ilikuwaje siku ya mwisho ya uhai wake ikamkuta huko huko, sebuleni, karibu na mwanamke ambaye hakupaswa kuwepo?

Taratibu. Tutafika.

* * *

Kwanza nikurudishe miaka mitatu nyuma. Bila hapo hutaelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu alisafiri zaidi ya kilomita elfu moja ili akajiloweke.

Agosti 1921, kisiwa cha Campobello, Canada. Familia iko mapumzikoni. Tarehe 10 Franklin anatoka na wanawe kwa mashua, wanaona moto msituni, wanashuka kuuzima. Wakirudi anajitupa kwenye maji ya baridi, kisha anakaa na nguo mbichi akisoma barua zake.

Jioni anahisi baridi. Anaaga, anakwenda kulala.

Asubuhi mguu mmoja ulikuwa mlegevu. Kesho yake yote miwili haikumbeba.

Daktari wa kwanza akasema ni mafua makali. Wa pili akasema ni damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo, akaagiza miguu ikandwe. Mkewe Eleanor na rafiki yao Louis Howe wakaikanda kwa siku kadhaa, na mgonjwa anang'ata meno kwa maumivu. Waliyafanya hayo kwa mapenzi, kumbe misuli ile ilihitaji kuachwa ipumzike.

Tarehe 25 Agosti akafika bingwa kutoka Boston, Robert Lovett. Hakusitasita. Polio.

Polio, kwa mtu wa miaka 39! Enzi hizo uliitwa ugonjwa wa kupooza watoto. Virusi vyake huingia kwa mdomo na, kwa wachache wenye bahati mbaya, hupenya hadi kwenye uti wa mgongo na kuziua seli za neva zinazoamrisha misuli. Hisia hubaki. Ukimfinya mguu anasikia. Anachokosa ni amri: anauambia mguu "nyanyuka", na mguu haumjibu.

Seli zile zikishakufa, hazioti tena.

Hilo madaktari walilijua. Franklin hakutaka kulijua. Mfa maji haachi kutapatapa, naye alijaribu kila kitu: taa za joto, vyuma vya miguuni, kamba za kujivutia juu, jua la Florida. Mama yake, Bibi Sara, alitaka arudi nyumbani Hyde Park, akae kwenye kiti akitunzwa, siasa basi. Eleanor na Howe walikataa katakata.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Halafu, mwaka 1924, tajiri mmoja wa benki, George Foster Peabody, akamsimulia habari za kijana Louis Joseph.

Kijana huyo alikuwa amepooza kwa polio. Akawa anaogelea kila kiangazi kwenye bwawa la maji vuguvugu huko Georgia. Sasa alikuwa anatembea kwa fimbo.

Wewe ungefanyaje? Ungekaa?

* * *

Mahali penyewe, nikuambie ukweli, palitia huruma.

Kimji kiliitwa Bullochville, na mwaka ule ule ndio kilikuwa kikichukua jina jipya, Warm Springs. Hoteli yake, Meriwether Inn, ilikuwa jengo kubwa la mbao lenye vibaraza na minara ya mapambo. Miaka ya 1890 familia za Atlanta na Columbus zilijazana pale kukimbia joto la mjini, zikicheza dansi hadi usiku. Kisha magari yakaingia, watu wakaanza kwenda mbali zaidi, na hoteli ikaachwa ichakae. Rangi ilibanduka, mapaa yakavuja.

Zamani kabla ya hoteli yoyote, wenyeji wa asili wa eneo lile, Wamuscogee, walikuwa wakiijua chemchemi hiyo. Masimulizi ya huko yanasema walileta majeruhi wao waoge. Wao walinyang'anywa ardhi hiyo katika miaka ya 1820, na mara tu baada yao wakaja wenye nyumba za wageni.

Familia ya Roosevelt ilipewa nyumba ndogo ambayo kuta zake zilikuwa na nyufa za kupitisha mwanga. Eleanor hakupapenda. Alisikitishwa na umaskini alioukuta, akachukizwa na jinsi watu Weusi walivyotendewa, na hata kuku aliuziwa wazima, wakachinjwa uani, jambo lililomkosesha hamu ya kula. Hakukaa sana. Akarudi New York, akamwacha mumewe na katibu wake, Missy LeHand.

Asubuhi ya kwanza Franklin akateremshwa bwawani.

Sasa hapa nataka usimame nami kidogo ukingoni.

Mvua hunyesha juu ya Mlima Pine, ikazama kwenye miamba kwenda chini sana, ikapashwa joto na tumbo la ardhi, kisha ikasukumwa kurudi juu kupitia ufa. Inapotoka imebeba madini, na bado ni vuguvugu. Kwenye bwawa la kawaida mgonjwa wa polio huanza kutetemeka baada ya dakika chache, misuli ikakaza, mazoezi yakaishia hapo. Pale Warm Springs aliweza kukaa majini saa mbili nzima bila kuchoka.

Na maji hukubeba. Mguu usioweza kujiinua kitandani, ndani ya maji hauna uzito wa kuuzuia. Vinyuzi vichache vya misuli vilivyosalimika vinapata nafasi ya kufanya kazi.

Roosevelt akasimama.

Ndiyo! Maji yakiwa kifuani, mikono ikipiga taratibu pembeni, mtu ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akibebwa akasimama wima kwa miguu yake, akapiga hatua. Akawaandikia wa nyumbani kwamba anasikia uhai unarudi miguuni.

Unadhani alinyamaza na siri hiyo? Hata angetaka, asingeweza. Kwani kulikuwa na mwandishi wa habari njiani.

* * *

Cleburne Gregory wa gazeti la Atlanta Journal alikaa naye siku kadhaa, akamwona anaogelea, akamsikia anacheka. Jumapili ya tarehe 26 Oktoba 1924 makala ikatoka, na picha juu. Magazeti mengine nchini yakaichukua.

Hebu fikiria makala ile inasomwa wapi. Inasomwa na mama ambaye mwanawe amelala chumba cha nyuma mwaka wa tano, haonyeshwi wageni. Inasomwa na kijana aliyeambiwa na daktari: jizoeze tu, ndivyo ulivyo.

Waliisoma, wakafunga mizigo.

Hawakuandika kuuliza nafasi. Walikuja tu. Kijana mmoja wa Pennsylvania alisafirishwa kwenye behewa la mizigo, maana hakuweza kukaa kwenye kiti cha abiria. Majira ya kuchipua ya 1925 Roosevelt aliporudi Warm Springs, akakuta wenzake wanashushwa stesheni.

Hapakuwa na daktari pale. Hapakuwa na muuguzi. Palikuwa na bwawa, hoteli inayovuja, na mwanasiasa mmoja aliyepooza.

Akawapokea.

Alijichorea ramani za misuli, akawapima mmoja mmoja, akaingia nao majini akiwaelekeza: huu sukuma, huu vuta. Akajiita Daktari Roosevelt. Alipenda kusimulia habari ya mama mmoja mnene ambaye miguu yake ilikataa kugusa chini kwa jinsi alivyoelea. Roosevelt anaukandamiza mguu wa kulia hadi sakafuni, anamwambia aushikilie. Anageukia wa kushoto, wa kulia unaibuka. Anarudi kwenye wa kulia, wa kushoto juu! Walihangaika karibu nusu saa, lakini mwishowe miguu yote miwili ilikuwa inatua.

Unaona kinachotokea? Yeye aliyekuja kutibiwa ameanza kutibu. Na mimi naamini kuwa hapo ndipo uponyaji wake ulipo, si kwenye madini. Kwa mara ya kwanza tangu augue, alikuwa kati ya watu ambao mbele yao hakuwa na haja ya kuficha miguu yake. Pale hakuna aliyemkodolea macho, hakuna aliyegeuza uso.

Lakini juu, kwenye vibaraza vya hoteli, wageni wengine walikuwa wanawatazama wanaogelea. Wageni wazima, waliolipa pesa zao kuja kupumzika.

Na walikuwa wameanza kunong'ona.

* * *

"Hawa watatuambukiza."

Ndiyo hofu yenyewe. Polio wakati huo ilitisha kuliko neno lolote mama angeweza kulisikia. Waliopooza zamani hawakuwa hatari kwa yeyote, lakini nani asikilize? Wageni wakalalamika. Walitaka watu wa viti vya magurudumu wasile nao chumba kimoja, wasioge nao bwawa moja.

Mwenye hoteli akiwafukuza wagonjwa, hawana pa kwenda. Akiwabakiza, wenye kulipa wanaondoka.

Suluhu ya kwanza ilikuwa chungu: wagonjwa wakahamishiwa kula chini ya jengo, na bwawa la pembeni likatengwa kwa ajili yao. Roosevelt akavumilia. Lakini kichwani mwake palikuwa pameanza kupikwa jambo ambalo mkewe, mama yake na mwanasheria mwenzake Basil O'Connor wote waliliona la hatari.

Alitaka kuinunua Warm Springs. Yote. Hoteli, nyumba ndogo, chemchemi, na ekari zipatazo 1,200.

Bei? Karibu dola 200,000.

Eleanor akamkumbusha watoto watano wanaosoma. O'Connor hakuona mantiki ya biashara hata moja. Mwenye akili gani anatia fedha kwenye hoteli iliyofilisika, ili aijaze wagonjwa wasio na fedha?

Tarehe 29 Aprili 1926 Roosevelt akatia saini.

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Akaenda kwenye mkutano wa madaktari bingwa wa mifupa uliofanyika Atlanta, akawaomba waje wapime wenyewe. Daktari LeRoy Hubbard wa New York akaja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Helena Mahoney. Wagonjwa 23 wakafuatiliwa kwa makini. Wote wakaonyesha nafuu. Hawakuwa wamepona, usisome vibaya. Walikuwa na nafuu. Aliyekuwa halali bila kugeuzwa sasa anajigeuza. Aliyekuwa kitandani sasa yuko kwenye magongo.

Mwaka 1927 ikasajiliwa taasisi isiyo ya faida, Georgia Warm Springs Foundation, na hoteli ya starehe ikageuka rasmi kuwa mahali pa kutibu. Edsel Ford, mtoto wa Henry Ford wa magari, na mkewe walipotembelea wakatoa dola 25,000 ili bwawa lifunikwe kwa vioo, wagonjwa waogelee hata majira ya baridi.

Na gari? Roosevelt alitengenezewa lenye mitambo ya kuendeshea kwa mikono pekee. Akawa anakatiza njia za vumbi za Georgia peke yake, anasimama kwa wakulima, anauliza bei ya pamba, anawauliza kwa nini hawana umeme. Mwanamume asiyeweza kuvuka chumba anavuka wilaya nzima.

Mambo yanakwenda vizuri, siyo?

Ngoja kwanza. Kuna watu nimewaruka, na siwezi kuendelea bila wao.

* * *

Ni nani aliyekuwa anapika chakula cha Warm Springs? Nani alifua mashuka, nani alipanga meza zenye vitambaa vyeupe, nani aliwahudumia wagonjwa?

Wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi wa pale pale Georgia.

Sasa niambie: mtoto wa mpishi yule akipata polio, ataletwa bwawani?

Hataletwa. Georgia ilikuwa jimbo la ubaguzi kwa sheria, na Warm Springs ilifuata sheria hiyo. Maji yaliyotoka ardhini bila kumuuliza mtu rangi yake, yakawekewa mlango. Hata zilisambazwa hoja za kitaalamu kwamba polio haiwapati sana watu Weusi, hoja ambazo hazikuwa na msingi. Watoto wao waliugua, ila madaktari wa kuwatazama walikuwa haba.

Ilichukua hadi Januari 1941 ndipo kituo cha polio cha watu Weusi kikafunguliwa, tena si Warm Springs, bali Tuskegee, jimbo la jirani la Alabama. Kilijengwa kwa fedha za harakati ile ile iliyozaliwa bwawani. Kilifanya kazi nzuri sana. Lakini hesabu mwenyewe miaka kutoka 1926 hadi 1941, uone ni watoto wangapi walikua na kulemaa humo katikati.

Naipenda habari ya Warm Springs, na kwa sababu naipenda nimeona nisikufiche hilo.

Turudi sasa. Oktoba 1928. Simu inalia, na anayeitwa hataki kuipokea.

* * *

Gavana wa New York, Al Smith, anagombea urais. Bila kura za New York hatoboi. Anahitaji mtu mwenye jina zito wa kugombea ugavana nyuma yake, na jina ni moja tu.

Lakini Roosevelt yuko Georgia, majini. Mwezi Juni alikuwa amepanda jukwaa la mkutano mkuu wa chama jijini Houston akiwa na fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika wa mwanawe Elliott, mtindo aliofundishwa na Helena Mahoney. Watu walidhani anatembea. Yeye mwenyewe alidhani bado mwaka mmoja au miwili tu atatembea kweli.

Kwa hiyo anazikimbia simu za Smith. Siku nzima hapatikani.

Mwishowe wanamtumia Eleanor. Eleanor anapiga, mumewe anapokea, na hapo hapo simu inatiwa mkononi mwa Smith.

Roosevelt anatoa sababu. Miguu yangu. Smith anasema ugavana haufanyiwi kwa miguu. Roosevelt anasema nina madeni ya Warm Springs. Tajiri John Raskob anaahidi kusaidia madeni hayo. Pembeni ya simu Missy LeHand anamwambia: usithubutu!

Missy alijua. Akikubali, mazoezi ya kila siku yamekwisha, na ndoto ya kutembea imekwenda nayo.

Ndipo Smith akauliza swali la mtego: mkutano ukikuteua bila idhini yako, utakataa?

Kimya.

Kimya kile kilitosha. Kesho yake akateuliwa. Mwezi Novemba Smith akashindwa urais, hata New York kwao akaikosa. Roosevelt akapita kwa takriban kura 25,000.

Miguu akaiacha hapo, msomaji. Alichagua.

* * *

Mengine unayajua, nitayapitia mbio.

Machi 1933 akaapishwa kuwa rais, nchi imeporomoka kiuchumi. Mwaka uliotangulia alikuwa amejijengea Warm Springs kinyumba cha mbao za msonobari, vyumba sita tu, ambacho watu wakakiita Ikulu Ndogo. Akawa anakuja kila anapopata nafasi. Sikukuu ya Shukrani anakaa meza moja na wagonjwa, anakata bata mzinga kwa mkono wake, watoto wenye vyuma miguuni wanamzunguka.

Bili ya umeme ya nyumba yake ya kwanza huko ilimshtua: senti 18 kwa uniti moja, mara nne ya alichokuwa analipa Hyde Park. Alilisimulia jambo hilo mwaka 1938 akiwa Barnesville, Georgia, akasema hapo ndipo lilipoanza wazo la kupeleka umeme kwa wakulima. Wakala wa umeme vijijini ulikuwa umeanzishwa mwaka 1935, wakati nyumba kama tisa katika kila kumi za mashambani zilikuwa gizani.

Lakini chemchemi yenyewe ilikuwa inakausha mifuko. Wagonjwa wengi hawakuwa na chochote, na matajiri waliokuwa wanachangia, mdororo wa uchumi uliwapiga.

Ikazuka hila nzuri: tarehe 30 Januari 1934, siku ya kuzaliwa kwa rais, dansi zikachezwa katika miji mingi ya Marekani, na kiingilio kikaenda Warm Springs. Zaidi ya dola milioni moja zikapatikana kwa usiku mmoja.

Mwaka 1938 wakapanua wigo. Taasisi mpya ya kitaifa ya kupambana na polio ikaundwa, na mkuu wake akawa nani? Basil O'Connor! Yule yule aliyeiona Warm Springs kuwa wazimu. Mchekeshaji wa redio, Eddie Cantor, akawaomba wananchi wamtumie rais senti kumi kumi, kila mtu sarafu moja.

Magunia ya barua yakafurika Ikulu. Watoto walibandika sarafu kwenye karatasi, wengine wakaziokea ndani ya keki. Zaidi ya sarafu milioni mbili. Makarani wakashindwa hata kuzipata barua za serikali humo ndani.

Zishike kichwani hizo senti kumi kumi, msomaji. Zitafanya jambo ambalo chemchemi haikuweza. Wewe uliyewahi kumpeleka mwanao kliniki akadondoshewa matone mawili mdomoni, sarafu hizo zinakuhusu. Nitakueleza zinavyokuhusu, lakini si leo.

Leo tuna miadi na tarehe 12 Aprili 1945.

* * *

Aliwasili tarehe 30 Machi. Wale waliozoea kumshusha kwenye treni walishtuka. Siku zote alijisaidia kwa mikono yake yenye nguvu. Safari hii alikuwa mzigo mtupu.

Vita vya dunia vilikuwa vinaelekea ukingoni. Mwezi Februari alikuwa Yalta na Churchill na Stalin. Tangu Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, alijua kuwa shinikizo la damu limepanda vibaya na moyo umechoka. Wananchi hawakuambiwa.

Lakini maji, hewa ya misonobari na wenzake wa viti vya magurudumu vilimrudishia rangi usoni. Siku ya tarehe 12 kulikuwa na ratiba: saa kumi jioni nyama choma iliyoandaliwa na meya wa mji, kisha wagonjwa wa polio wamfanyie tamasha. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa siku kadhaa.

Saa saba mchana. Sebule ya Ikulu Ndogo. Karatasi alizotia saini zimeanikwa huku na huku wino ukauke. Rais ameketi kwenye kiti chake, suti ya kijivu, tai nyekundu. Mbele yake mchoraji, Elizabeth Shoumatoff, anamchora kwa rangi za maji. Kwenye kochi, binamu zake wawili, Daisy Suckley na Laura Delano.

Na yupo mwanamke wa nne, mrefu, mtulivu, anayemtazama rais huku akitabasamu.

Lucy Mercer Rutherfurd.

Mwaka 1918 Eleanor aliziona barua zake ndani ya mizigo ya mumewe. Ndoa ilinusurika kwa ahadi moja: Franklin hatamwona tena Lucy. Sasa miaka 27 imepita, Eleanor yuko Washington, na Lucy ameketi hatua chache kutoka kwa Franklin. Aliyesaidia kuwakutanisha tena ni Anna, binti wa Franklin na Eleanor.

Mtumishi anaandaa meza. Rais anamwambia mchoraji: tumebakiwa na dakika 15.

Robo saa hiyo haikutimia. Mkono wake ukapanda kwenye paji la uso, ukaanza kupapasapapasa. Daisy akadhani ameangusha sigara, akainama kumuuliza. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ana maumivu makali nyuma ya kichwa.

Kichwa kikaanguka mbele.

Mtumishi wake, Arthur Prettyman, na mwenzake Mfilipino wakamnyanyua, wakampeleka chumbani. Simu ikapigwa kumtafuta Daktari Bruenn.

Unajua alikuwa wapi? Bwawani. Kwenye maji yale yale.

Wakati Bruenn anakimbizwa kuja, Lucy na mchoraji walikuwa wanatupa nguo kwenye masanduku. Kabla ya saa tisa gari lao lilishatoka, picha haijamalizika, hakuna aliyewaaga. Wagonjwa nao wanaendelea kujiandaa kwa tamasha, hawana habari.

Saa tisa na dakika 35 moyo ukasimama.

Washington, Eleanor anaitwa kwenye simu katikati ya shughuli ya hisani. Anatakiwa Ikulu mara moja. Jioni anapanda ndege kwenda Georgia, na saa tano na ushee usiku gari lake linasimama mbele ya kile kinyumba cha msonobari.

Anaingia. Anawakumbatia binamu wawili. Anaketi kwenye kochi, mgongo umenyooka, anataka asimuliwe yote yalivyokuwa, moja baada ya jingine, bila kuruka kitu.

Daisy anasimulia alichokiona. Anaacha pengo.

Eleanor anamgeukia Laura Delano. Nani mwingine alikuwepo humu ndani?

Laura anamtazama. Anajua kila kitu, na si mtu wa kuficha.

Akafungua mdomo…

ITAENDELEA WIKI IJAYO: Laura anasema nini, Eleanor anafanya nini na ile picha isiyomalizika, na kwa nini miaka kumi kamili baadaye, tarehe ile ile 12 Aprili, kengele za makanisa zililia Marekani nzima.